Leseni, orodha au katazo kamili: ulinganisho wa kanuni za kudhibiti nyoka vamizi

Mwaka 2006 mamlaka inayosimamia maji kusini mwa jimbo la Florida iliiomba serikali kuu ya Marekani imtangaze chatu wa Burma kuwa mnyama mwenye madhara, ili asiingizwe tena nchini. Kanuni iliyoombwa ilitangazwa Januari 2012. Mwezi huohuo watafiti walichapisha matokeo ya kuhesabu wanyama walioonekana kando ya barabara katika Hifadhi ya Taifa ya Everglades, eneo kubwa la vinamasi kusini mwa Florida. Walipolinganisha hesabu za mwaka 2003 hadi 2011 na zile za miaka ya 1990, kabla chatu hawajaenea, rakuni walikuwa wamepungua kwa asilimia 99.3, oposumu kwa asilimia 98.9, na paka mwitu wa mkia mfupi kwa asilimia 87.5. Kati ya ombi na jibu ilipita takriban miaka sita, na muda huo wote chatu waliendelea kutaga.

Nyoka vamizi ni nyoka aliyepelekwa na binadamu mahali ambapo hakuwepo kiasili, akazaliana mwituni, kisha akaanza kuwamaliza viumbe wa huko ambao hawakuwahi kuishi na adui wa aina yake. Wakazi wa pwani yetu wanaijua hali hiyo kupitia kunguru wa India, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kusafisha taka, na ambaye leo Tanzania na Kenya zinahangaika kumpunguza. Kwa upande wa nyoka, mjadala mkali zaidi kuhusu sheria umefanyika Marekani, kati ya wahifadhi, wanasayansi, wafugaji na wafanyabiashara wa nyoka. Mjadala huo unatugusa hata sisi, kwa kuwa chatu wa Afrika, yule wa kaskazini na yule wa kusini, ambao wote wawili wanapatikana Afrika Mashariki, wamo katika kanuni hiyo ya mwaka 2012, na kundi dogo la chatu wa Afrika limekwisha kuzaliana porini magharibi mwa Miami.

Anayetaka kuchagua msimamo katika suala hili hukutana na njia tatu za kisheria: kuruhusu ufugaji kwa leseni, kuorodhesha spishi chache zenye hatari na kuzizuia hizo tu, au kupiga marufuku nyoka wote. Ipo pia njia ya nne, ambayo mara nyingi hutolewa kama mbadala wa sheria, nayo ni kuwaacha wawindaji wawaondoe nyoka waliokwisha kuenea. Katika kuzipima njia hizi nimeona swali moja lina uzito kuliko mengine yote: nyoka aliingia kwa mlango upi? Kanuni inayofunga mlango wa biashara ya wanyama wa kufugwa haina msaada kwa nyoka anayeingia ndani ya kontena la mizigo.

Leseni

Florida ilianza na leseni. Kuanzia mwaka 2008, aliyetaka kumfuga chatu wa Burma, chatu wa Afrika na wengine wachache waliotajwa alitakiwa kulipa dola 100 kwa mwaka na kumpachika nyoka chipu ndogo chini ya ngozi, ili akitoroka mwenye mali ajulikane. Njia hii ina mvuto wa haki. Mfugaji mwangalifu haadhibiwi kwa kosa la mzembe, biashara halali inaendelea, na serikali inapata daftari la nani anafuga nini. Wafugaji wengi ni watu wanaowapenda na kuwafahamu vyema wanyama wao, na haifai mjadala huu uendeshwe kana kwamba wote ni wahalifu.

Udhaifu wake unaonekana pale nyoka anapokuwa nje ya kizimba. Chipu humtambulisha mwenye nyoka baada ya nyoka kukamatwa, na chatu wa Everglades hakamatwi kwa urahisi. Rangi yake inafanana na majani makavu na tope, hukaa bila kutikisika kwa saa nyingi, na watafiti wamekadiria kwamba uwezekano wa mtu kumwona chatu mmoja aliye katika eneo analopita ni chini ya asilimia 1. Kwa hiyo adhabu inayotegemea chipu itawafikia wachache mno. Tena leseni hiyo ilikuja miaka minane baada ya wataalamu kukubali, mwaka 2000, kwamba chatu walikuwa tayari wakizaliana ndani ya hifadhi.

Watetezi wa leseni wana hoja moja wanayoirudia, na inastahili jibu. Wanasema chatu wa Florida walitoka katika jengo la kuzalishia nyoka lililobomolewa na Kimbunga Andrew mwezi Agosti 1992, hivyo si haki kuwabebesha lawama wafugaji wa majumbani. Chanzo hicho kina ubishi, kwani chatu wa kwanza katika Everglades alipatikana mwaka 1979, miaka 13 kabla ya kimbunga. Lakini hata tukiikubali hoja yote, mimi naiona inaelekea upande wa pili. Jengo la kibiashara lenye kila kibali linaweza kubomolewa na upepo katika usiku mmoja, na Florida ni nchi ya vimbunga. Katika mahali pa namna hiyo hatari haitokani na tabia ya mfugaji peke yake. Inatokana na wingi wa nyoka walio karibu na kinamasi chenye joto.

Florida yenyewe imeshatoa ushahidi. Mwaka 2010 bunge la jimbo lilizuia mtu yeyote kupata chatu wapya kwa ajili ya kuwafuga nyumbani. Mwaka 2021 tume ya uhifadhi wa samaki na wanyamapori ya jimbo iliwaweka reptilia 16, chatu wa Burma akiwamo, katika kundi la waliopigwa marufuku, na biashara yao ikaanza kufungwa. Jimbo lenye wafugaji wengi na biashara kubwa lilitoka kwenye leseni hadi kwenye katazo ndani ya miaka 13, tena hatua kwa hatua, kila hatua ikichukuliwa baada ya ile ya awali kutotosha.

Orodha

Serikali kuu ya Marekani inatumia Sheria ya Lacey, iliyotungwa mwaka 1900, ambayo inairuhusu kutaja spishi moja moja kuwa zenye madhara na kuzuia kuingizwa kwake nchini. Mwaka 2010 spishi tisa za nyoka wakubwa zilipendekezwa. Mwaka 2012 zikapita nne: chatu wa Burma, chatu wawili wa Afrika na anakonda wa njano. Mwaka 2015 zikaongezwa nne nyingine, akiwamo anakonda wa kijani na yule chatu wa Asia ya Kusini-Mashariki aliye mrefu kuliko nyoka wote duniani. Ya tisa, boa, anayefugwa na watu wengi sana, iliachwa.

Sifa ya orodha ni kwamba kila jina linatakiwa kuthibitishwa kwa ushahidi, na hiyo ni kinga dhidi ya sheria inayotungwa kwa woga. Nyoka anaogopwa karibu kila mahali, na woga ni mshauri mbaya wa sheria. Ila ushahidi huo huchukua muda, na wakati unatafutwa ndipo spishi inapojijengea makao.

Mgogoro wa ramani unaonyesha ugumu huo vizuri. Mwaka 2008 watafiti wa shirika la serikali la utafiti wa jiolojia walionyesha kwamba karibu theluthi moja ya Marekani ina hali ya hewa inayofanana na ya nchi za asili za chatu wa Burma. Mwaka huohuo wanasayansi wengine, waliotumia hesabu za aina tofauti, walipata eneo dogo tu: kusini mwa Florida na ncha ya kusini ya Texas. Kisha Januari 2010 baridi kali iliipiga Florida, na kati ya chatu kumi waliokuwa wamewekewa vifaa vya redio katika utafiti mmoja ndani ya Everglades, tisa walikufa. Wafugaji walilichukua tukio hilo kuwa hukumu: ikiwa baridi ya Florida inawaua, vipi wataenea hadi majimbo ya kaskazini?

Katika hili naamini wafugaji walikuwa na haki kwa nusu. Ramani ile pana haikuwa msingi mzuri wa kumzuia mkazi wa jimbo lenye theluji miezi mitano kumfuga chatu chumbani mwake. Lakini waliposonga mbele na kudai kwamba basi kanuni yenyewe haina maana, walisahau kwamba kusini mwa Florida si kipande cha ardhi cha kupuuzwa. Sungura wa kinamasi waliorudishwa ndani ya Everglades wakiwa na vifaa vya redio waliliwa na chatu kiasi kwamba asilimia 77 ya vifo vyao vilitokana na nyoka huyo. Hakuna haja ya kusubiri chatu afike Chicago ndipo tuseme amefanya madhara.

Mahakama nayo iliupunguza uwezo wa orodha. Chama cha wafugaji wa reptilia cha Marekani kilifungua kesi, na Aprili 2017 mahakama ya rufaa mjini Washington iliamua kwamba Sheria ya Lacey haizuii kumsafirisha mnyama aliyeorodheshwa kutoka jimbo hadi jimbo ndani ya bara. Kilichobaki ni kuzuia uingizaji kutoka nchi za nje na safari za kwenda Hawaii na maeneo mengine yaliyotajwa na sheria yenyewe. Maana yake ni kwamba orodha ya taifa sasa hufunga bandari na viwanja vya ndege, na kila jimbo linabaki kujiamulia kuhusu nyoka wanaozalishwa palepale nchini.

Kasoro ambayo kwangu ni kubwa zaidi haizungumzwi sana. Orodha ile ilitungwa kwa kuwatazama majitu, chatu na anakonda wanaotisha kwa ukubwa wao, ilhali madhara hayafuati urefu wa nyoka. Katika kisiwa cha Gran Canaria, Hispania, nyoka mfalme wa California alitoroka au akaachiwa, na tangu mwaka 1998 amejulikana kuwa anaishi porini. Huyu ni nyoka mpole, wa urefu wa takriban mita moja, asiye na sumu ya kumdhuru binadamu, ambaye wauzaji humpendekeza kwa mtu anayeanza kufuga. Hutumia muda mwingi chini ya ardhi, hivyo kumkamata ni kazi ngumu, na mahali alipoenea mjusi mkubwa wa kisiwa hicho, asiyepatikana kiasili popote pengine duniani, ametoweka karibu kabisa. Hakuna kamati iliyokaa kuwajadili nyoka wakubwa ambayo ingemfikiria mnyama huyo.

Katazo kamili

Hawaii na New Zealand zimechagua njia iliyo rahisi kueleweka. New Zealand haiwaruhusu nyoka hata katika bustani za wanyama. Hawaii humtoza anayepatikana na nyoka faini inayoweza kufika dola 200,000 na kifungo cha hadi miaka mitatu. Linganisha na Sheria ya Lacey, ambayo kwa mtu binafsi huishia dola 5,000 na miezi sita. Pamoja na ukali huo, Hawaii ina utaratibu wa msamaha: anayemsalimisha mnyama aliyekatazwa kwa hiari yake hashitakiwi. Sehemu hii ya msamaha ni nusu ya nguvu ya katazo lenyewe. Mtu aliyeingiza nyoka kwa siri akijua kwamba akijitokeza atafungwa, njia nyepesi kwake ni kumwachia msituni usiku, na hapo sheria inakuwa imezalisha kile kilekile ilichotaka kukizuia.

Faida ya katazo kamili ni kwamba halihitaji kubashiri. Hakuna anayelazimika kuthibitisha kuwa spishi fulani itaishi au haitaishi. Jukumu la kuthibitisha limehamia kwa anayetaka kumwingiza. Kwa kisiwa ambacho ndege wake walikua bila nyoka, huo ndio mgawanyo sahihi wa mzigo, kwa sababu kosa moja halirekebishiki.

Ushahidi wa kutorekebishika uko Guam, kisiwa cha Marekani katika Bahari ya Pasifiki. Nyoka wa kahawia wa mitini alifika huko muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akiwa amejificha katika mizigo ya kijeshi. Kati ya spishi 12 za ndege wa asili wa msituni, 10 zimetoweka katika kisiwa hicho. Ndege walipokwisha, buibui waliongezeka hadi mara 40 kuliko katika visiwa jirani wakati wa mvua, na nyoka wanaopanda nguzo za umeme wamekuwa wakikata huduma kwa miongo mingi. Mdiria wa Guam, ambaye wenyeji humwita sihek, aliokolewa kwa kukamatwa na kutunzwa katika bustani za wanyama. Mwaka 2024 ndege tisa wa aina hiyo waliachiliwa huru, lakini katika kisiwa cha Palmyra, si Guam kwao.

Guam inatufundisha pia mpaka wa katazo. Hakuna mtu aliyemfuga nyoka yule. Aliingia kwa mlango wa mizigo, na sheria kali kuliko zote kuhusu ufugaji isingemzuia. Kinachoilinda Hawaii leo dhidi ya nyoka wa Guam ni mbwa waliofundishwa kunusa mizigo kabla ya ndege na meli kuondoka, mitego kuzunguka bandari na viwanja vya ndege, na panya waliokufa waliotiwa miligramu 80 za parasetamoli, dawa ileile ya maumivu tunayomeza sisi, ambayo humuua nyoka huyo. Huko Ibiza, kisiwa cha Hispania, nyoka wa aina nyingine aliingia ndani ya mashina ya mizeituni mikubwa iliyoletwa kutoka bara kupamba bustani, na sasa anawala mijusi wa kisiwa hicho. Hawaii nayo, pamoja na katazo lake, tayari ina aina moja ya nyoka mdogo kipofu, mnene kama uzi wa viatu, aliyefika katika udongo wa vyungu vya maua. Kwa bahati njema anakula mchwa na sisimizi tu.

Uwindaji kama mbadala

Njia ya nne nitaipitia kwa haraka, kwa sababu si kanuni bali ni gharama ya kukosa kanuni. Mashindano ya kwanza ya kuwinda chatu Florida, mwaka 2013, yaliwavuta karibu watu 1,600, na kwa mwezi mzima chatu waliokamatwa walikuwa 68. Mwaka 2024 walikuwa 195. Tangu 2017 wawindaji wa mkataba hulipwa kwa saa, pamoja na dola 50 kwa chatu wa futi nne na dola 25 kwa kila futi inayozidi, na dola 200 kwa kiota. Zaidi ya chatu 23,000 wameondolewa tangu mwaka 2000. Idadi hiyo inaonekana kubwa mpaka mtu akumbuke jike mmoja aliyetangazwa mwaka 2022, mwenye uzito wa kilo 98, ambaye ndani yake mlikuwa na mayai 122 yanayokua. Hata nyama yake haifai kuliwa, kwa kuwa chatu wa Everglades wamekutwa na zebaki nyingi mwilini.

Mbinu yenye akili zaidi ni ya watafiti wa kusini-magharibi mwa Florida, ambao tangu 2013 huwawekea madume vifaa vya redio, wakawaachia, kisha wakati wa kupandana wakawafuata hadi waliko majike wakubwa. Kazi hiyo inastahili kuendelea, kwa sababu kila jike anayeondolewa hupunguza mayai ya msimu mzima. Lakini asiyeziba ufa hujenga ukuta, na Florida inaujenga ukuta huo kila mwaka, kwa fedha, bila kuufikisha mwisho.

Ipi ya kuchagua

Kama mahali panapozungumziwa ni kisiwa kisicho na nyoka wa asili, au chenye viumbe wasiopatikana popote pengine, ningechagua katazo kamili bila kusita, mradi liambatane na ukaguzi wa mizigo, miti ya bustani na udongo. Bila ukaguzi huo, katazo limefunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Kwa nchi kubwa yenye joto ambako biashara ya nyoka tayari ipo, orodha inafaa ikiwa itaandikwa kabla ya spishi kuonekana porini, na ikiwa itatazama uwezo wa kuzaliana na kujificha badala ya ukubwa wa mwili. Kwa spishi ambayo imekwisha kuonekana porini hata mara chache, nisingengoja ramani ziafikiane. Ningeifungia uingizaji na uzalishaji mara moja, kisha utafiti uendelee huku mlango umefungwa. Kumfungulia mtu biashara baada ya miaka mitano ya ushahidi mzuri kunawezekana. Kuwaokota chatu mmoja mmoja katika kinamasi cha Everglades hakujawezekana hadi leo.

Leseni naiona inafaa katika maeneo yenye majira makali ya baridi, ambako nyoka akitoroka hatamaliza mwaka, na kwa bustani za wanyama, vyuo na watafiti kila mahali. Hapo madai ya wafugaji ni ya haki, na kuwanyima kwa sababu ya matatizo ya Miami ni kuwaonea. Kwa kuwa uamuzi wa mahakama wa mwaka 2017 umeyaachia majimbo mzigo huu, tofauti hiyo ya hali ya hewa inaweza kuandikwa katika sheria ya kila jimbo.

Anayechagua katazo mahali ambapo watu tayari wanafuga anapaswa kukiandika kwanza kifungu kinachohusu wanyama waliopo majumbani. Florida, ilipopitisha katazo la 2021, iliwaruhusu waliokuwa na iguana wa kijani na tegu, ambao ni mijusi wakubwa, kama wanyama wa nyumbani kuendelea kuwa nao hadi wafe, wakiwa na chipu na kibali, na maombi ya kibali hicho yalipokelewa bila malipo hadi tarehe 28 Julai mwaka huo. Asiyetaka kubaki na mnyama wake alikuwa na mpango wa jimbo, ulioanzishwa mwaka 2006, unaompokea mnyama bila kumuuliza mwenyewe alimpata wapi, na kumtafutia mnyama huyo mlezi anayestahili.